Sale Lililomfunga Ndelilio

Marangu,
16 Agosti, 1953.

Mpendwa kaka Efraimu,

Shikamoo. Kifua chako kimepona? Na joto la Tanga umelizoea? Sisi tunapumua kwa neema ya Mungu. Kahawa imeiva, lakini hakuna mwenye moyo wa kuichuma.

Kaka, keti kwanza. Mdogo wetu Ndelilio amefungwa miaka mitatu.

Ile ni kesi ya jirani yetu Eliezeri. Waligombania zamu ya maji ya mfereji, Eliezeri akapigwa kwa nyuma, akaangukia mawe, mkono ukavunjika. Hata hakujua kilichompiga. Wakili wetu wa Moshi akamwuliza Ndelilio kama alishika kitu. Akasema hapana, nilimsukuma kwa mikono mitupu. Wakili akamwonya kwamba mficha maradhi kifo humuumbua. Akaapa! Basi wakili akapatana na mwendesha mashtaka: Ndelilio akiri kosa dogo, alipe faini, arudi nyumbani.

Kumbe alimpiga kwa mpini wa jembe. Jumapili kabla ya kesi alishika jani la sale la kuombea msamaha, akaenda na wazee kwa Eliezeri, akakiri yote huku analia. Unajua kwetu sale halikataliwi. Eliezeri akamsamehe kabisa.

Siku ya kesi Eliezeri, masikini, akasimama kumtetea: "Bwana Hakimu, mwachieni. Ameshakiri kwangu kwamba alinipiga kwa mpini wa jembe, nami nimemsamehe."

Loo, kaka! Wakili aligeuka akamtazama Ndelilio. Mapatano yakafa palepale, shtaka kubwa likarudishwa, na juzi akahukumiwa.

Nilikwenda kumwona, nikamfokea. Mjinga wewe, kwa nini hukumwambia wakili? Akanijibu, "Dada, ukweli nimempa niliyemkosea. Wakili nilimkosea nini?" Hasira ikaniisha, nikalia tu.

Mama hali chakula. Eliezeri anajilaumu, kila siku anakuja kumkatia ng'ombe wetu majani kwa mkono ule mmoja. Jana Mama akamwuliza, "Mwanangu, kama wewe umesamehe, nani bado amekasirika?" Akarudi kukata majani. Njoo, kaka, umjibu Mama wewe.

Msalimie wifi Martha, na umbusu mtoto. Mwanangu Dominika anakusalimu. Mungu akufunike kwa mkono wake huko uliko.

Mdogo wako akupendaye,
Esther