Nimelishinda Deni la Chuo, Lakini Kadi ya Mahafali Nimpe Nani?

Mpendwa Bi Fatu, naomba msaada wako, lakini tafadhali usianze kunihurumia, kwa sababu barua hii naiandika nikiwa na furaha tele, ni vile tu furaha yenyewe ina mwiba ndani na sijui nitautoa vipi.

Naitwa Nduku, nina miaka arobaini na mbili, naishi mtaa wa Landless hapa Thika na mume wangu Mutisya, nashona sare za shule kwa duka moja mjini, na kwa miaka minne kila jioni nimekuwa nikifunga cherehani na kukimbia chuo kimoja cha Ruiru kusomea ualimu, halafu narudi nyumbani kupika, na karo nimejilipia mwenyewe kidogo kidogo kwa benki bila kumuomba mtu. Sasa wiki tano kabla ya mahafali nikatumiwa ujumbe kwa simu kwamba nadaiwa shilingi laki moja na elfu sitini na mbili, na nisipolipa jina langu linatolewa kwa orodha, nikaketi chini pale pale dukani katikati ya vitambaa.

Nilienda ofisi ya karo mara tatu, Bi Fatu, na kila mara kijana wa dirishani alinijibu bila kuinua macho, "Mama, kompyuta haidanganyi." Nikarudi nyumbani nikamwambia Mutisya kwamba hawa watu wamekosea, nilishamaliza kulipa, na hapo ndipo mume wangu wa miaka kumi na tisa akaniangalia akasema, "Nduku, watu wasomi hivyo hawawezi kukosea hesabu. Niambie tu ukweli, pesa ya karo ulipeleka wapi?"

Sikulala. Hilo swali liliniuma kuliko deni lenyewe.

Asubuhi niliomba ruhusa kazini, nikarudi Ruiru, na safari hii sikubishana na yule kijana, nilimwambia anipe karatasi inayoonyesha kila kitu ninachodaiwa, mstari kwa mstari, na sitatoka hapo bila hiyo karatasi. Alipoichapisha nikaona deni lote ni la hosteli, mihula sita ya kitanda, na mimi kitanda cha hicho chuo hata rangi yake siijui! Nikauliza njia nikaenda mpaka hosteli ya wasichana, nikamkuta msimamizi, mama mmoja mnene mwenye sauti, anaitwa Mama Aketch, nikamwonyesha. Akafungua kitabu chake kikubwa cha vitanda, akapitisha kidole, akaanza kucheka. "Hiki kitanda ni cha msichana anaitwa Hayat. Nambari yake ya usajili inaishia sabini na moja. Yako?" Nikamwambia yangu inaishia kumi na saba, tarakimu zile zile zimegeuzwa. "Haya, twende," akasema, akabeba kitabu kwapani kama mtoto.

Tulipita dirisha, tukapita foleni yote, tukaingia moja kwa moja kwa mkubwa wa hesabu, Bwana Barasa. Mama Aketch akaweka kitabu mezani, akasema, "Huyu mama sijamwona kwangu hata akichungulia. Mmempa kitanda cha mtu." Bwana Barasa akafungua kompyuta, akakuta Hayat alishalipa hosteli yake yote na hizo pesa zimekaa tu hazina kazi, kisha akasimama. Alisimama, Bi Fatu! Akasema, "Mama, tumekukosea," akafuta deni nikiona, akarudisha jina langu kwa orodha, akanipa barua yenye muhuri. Tulipotoka wanafunzi waliokuwa kwa foleni wakapiga makofi, kwa sababu mlango ulikuwa wazi na walisikia kila kitu.

Sasa mwiba wenyewe. Bwana Barasa aliniambia kuna elfu sitini zimelipwa juma hilo kwa jina langu na nitarudishiwa. Mimi sikuwa nimelipa. Kumbe ni Mutisya, alichukua arubuni kwa mtu anaitwa Boaz, mwenye bucha Kamakis, amuuzie ploti yetu ya Witeithie, ile tuliyoinunua pamoja na hati ina majina yetu wawili, akazipeleka chuoni bila kuniuliza. Anasema alifanya hivyo ili nisiaibike. Lakini nilipomwonyesha barua yenye muhuri alisema tu, "Haya, sawa," hajaniomba msamaha.

Nimepewa kadi mbili za kuingiza wageni kwa mahafali. Moja ni ya mamangu, hiyo haina mjadala. Ya pili moyo unaniambia nimpe Mama Aketch, kwa sababu yeye aliniamini baada ya dakika tano na mume wangu hakuniamini hata baada ya miaka kumi na tisa. Je, nitakuwa nimekosea?
Nduku, Thika

Nduku mpenzi, kwanza hongera! Umesimama mbele ya kompyuta na ikakubali imekosea. Wengi wangelipa wakinung'unika, ama wangelia na kuacha masomo. Wewe uliitisha karatasi.

Kuhusu Mama Aketch, hebu tumia akili ile ile uliyotumia ofisini. Huyo mama ni mfanyakazi wa chuo. Ataingia kwa mahafali bila kadi ya mtu. Mtafute, mshukuru, umwekee sahani ya pilau nyumbani. Kadi usimpotezee.

Sasa mumeo. Alikosea mara mbili: alikushuku, na akaitoa ploti bila sahihi yako. Makosa hayo usiyafunike kwa sababu eti umefurahi. Lakini pia usijidanganye kwamba ni adui. Adui hauzi ploti yake ili ufuzu. Huyu ni mwanamume mwoga aliyeamini wasomi kuliko mkewe, na uoga una dawa.

Mpe kazi. Jumatatu aandamane nawe hadi kwa Bwana Barasa, mdai hizo elfu sitini kwa maandishi, tarehe ya kulipwa iandikwe. Zikitoka, yeye mwenyewe, kwa miguu yake, azipeleke kwa Boaz, avunje makubaliano mbele ya shahidi, akuletee karatasi. Wewe usitie sahihi mahali popote. Halafu aketi mbele ya mamako, kwa sababu huyo ndiye aliyekuzaa mkweli, na aseme kwa kinywa chake: "Nilimshuku Nduku, na nilikosea." Si "haya, sawa." Maneno hayo, yote.

Akiyasema, mpe kadi, na umshonee shati jipya. Akikataa, mpe mtu mwingine anayekupenda, na viti vitajaa vile vile.

Lakini nakuonya, mama. Siku hiyo ikifika usiingie ukimtafuta kwa macho kujua kama amekuja. Joho likodi mapema kabla ya majoho marefu kuisha. Jina lako likisomwa, inuka polepole, waache wakuangalie, utembee mpaka mbele. Watoto wa darasa lako la kwanza wanakungoja.
Bi Fatu