Mkate Ulikuwa Mmoja

St. John's, mwezi wa Machi

Mama yangu mpenzi,

Pokea salamu zangu nyingi, wewe na Baba. Vipi kifua chake tangu alipofanyiwa upasuaji? Na barafu bado imeziba ghuba, au feri imeanza kuvuka? Mwambie asijitie ujana akatoka kupasua kuni. Jirani Alphonsus ana mikono. Mimi mwilini sijambo. Presha imeshuka, miguu imerudi kuwa miguu, na mume wangu Leo amepewa ruhusa kazini kwake Alberta, yuko nami hapa hosteli ya hospitali. Utajiuliza kwa nini naandika na simu ipo. Kwenye simu nikisikia sauti yako, nadanganya.

Bride anaendelea vizuri, na hilo ni kweli. Jana walimwondoa kwenye mashine ya kupumulia, sasa ana mpira mdogo tu wa puani, nao anaung'oa kila nesi akigeuka. Dulcie, yule nesi wa kutoka kaskazini, anasema mtoto huyu mkorofi, kachukua jina la bibi yake na bila shaka kachukua na ulimi wake, ngojeni tu aanze kusema. Wananiruhusu nimweke kifuani, ngozi kwa ngozi. Hajafikia uzito wa mkate wako mmoja, Mama.

Unakumbuka siku ndege ya wagonjwa iliponichukua? Ulinikimbilia na koti langu, ukaniambia mfukoni kuna kipande cha mkate, nisikitoe hata wakinivua nguo zote. Nilikucheka. Nilikwambia Wale Wadogo wa mlimani, hao viumbe wasiomkaribia mwenye mkate, hawapandi ndege. Ukanijibu kwamba hivyo hivyo alicheka shangazi Ita, akaenda kuchuma matunda na mfuko mtupu, na aliyerudi jioni hakuwa Ita. Ukasema wanachopenda kuliko vyote ni kichanga, wanakichukua na kuacha kitu kinachofanana nacho. Mimi mwalimu wa hesabu, nilimtazama rubani kwa aibu.

Hapa daktari hakunificha. Alisema wiki ya ishirini na nne ni mapema mno, na kwamba katika watoto njiti kumi wa umri huo, kama sita huenda nyumbani. Kila siku watakayoongeza tumboni ni faida, alisema. Wakanichoma sindano za kukomaza mapafu ya pacha wangu, nikalala ubavu nikiwasihi wavumilie. Walivumilia siku mbili. Na mimi hesabu zangu ndizo zilizonitesa, maana nilikuwa nawatazama wenzangu wodini nikijiuliza ni akina nani wanne watakaorudi mikono mitupu, nikaomba wawe wao. Mungu anisamehe.

Cyril alitangulia, akalia, sauti ya kitoto cha paka lakini sauti. Bride alitoka kimya, mdogo kuliko kaka yake kwa mbali. Kila mtu alisema Cyril ndiye mwenye nguvu, jina la babu yake limemfaa.

Sasa kaa chini, Mama, na usimsomee Baba mpaka ujue utakavyomwambia. Cyril hatunaye. Amekwenda wiki tatu zilizopita. Tumbo lake lilivimba ghafla, utumbo ukaharibika, wakampasua, hakurudi. Daktari alisema ugonjwa huo huwapata njiti hata walio na nguvu, na hakuna aliyekosea. Padre alimbatiza mikononi mwangu. Mume wangu alimzika na ile kofia ya kijani uliyomfumia. Kila ulipopiga nilikwambia wanaendelea, kwa kuwa nilikiogopea kifua cha Baba. Mume wangu alinigombeza, akasema mtu hafichwi kaburi la jina lake. Alisema kweli.

Lakini kuna jambo ambalo hata Leo hajui. Siku nilipoweza kutembea nilitupia koti juu ya gauni la hospitali, nikaenda kuwaona. Nilisimama katikati ya zile inkubeta mbili, mkono mfukoni, nikaugusa mkate. Sikucheka, Mama. Nilijaribu kuuvunja, ukawa mgumu kama jiwe, na nesi alikuwa anakuja. Nikamtazama Cyril, nikasema moyoni, huyu ana nguvu zake. Nikauviringisha kwenye plastiki na kuusukuma wote chini ya godoro la Bride.

Dulcie aliukuta alipobadilisha shuka. Aliurudisha palepale. Akaninong'oneza kwamba kwao pia wanaweka, kisha akauliza, kwa wema tu, cha mwenzake kiko wapi. Niliona haya, nikamwambia ni mzaha wa nyumbani, nikaenda zangu kunywa chai. Kesho yake asubuhi tumbo la Cyril lilivimba.

Swali la Dulcie linanifuata kila mahali. Kengele ya mashine ya Cyril naisikia ndani ya birika, naisikia ndani ya lifti. Inkubeta yake wamempa mtoto mwingine, nami nikipita namwona Cyril, kanigeuzia kisogo. Kuna saa namshika Bride nikamchunguza uso, nikitafuta kama ni yeye.

Siamini mambo hayo, unajua siamini. Naogopa tu. Basi usiniambie kwamba ni mkate, Mama. Na usiniambie kwamba si mkate.

Msalimie Alphonsus, na wote wanaotuwashia mishumaa kanisani. Mbusu Baba, umwambie mjukuu wake alikuwa na vidole virefu kama vyake. Mume wangu naye anawasalimu. Feri ikianza kuvuka, njoo. Uje na vipande viwili mfukoni, kimoja cha Bride, na kimoja twende nacho kwa Cyril.

Ni mimi mwanao,
Loretta