Mahindi ya Komora Kwenye Malka

Kijiji cha Hewani, Jumanne

Kaka yangu Komora hana haya kabisa. Msimu huu amelima mpaka ndani ya malka, ile njia ya ng'ombe ya kwenda kunywa maji mtoni, ambayo baba yetu hakuigusa maisha yake yote.

Asubuhi Mzee Godana alikuja na ng'ombe wake wenye kiu, akakuta mahindi yamefika kiunoni. Aliomba kwa upole aonyeshwe pa kupita.

"Zunguka msituni," Komora akamjibu.

Akazunguka. Angefanya nini? Ng'ombe wakaikanyaga miche ya mikuyu tuliyoipanda sisi kina mama. Haukubaki hata mmoja.

Kwenye baraza la alasiri, Komora akasimama wa kwanza. "Wafugaji wanatumalizia msitu," akasema, na watu wakampigia makofi. Mzee Godana akainamisha kichwa tu.

Nikasimama. "Kaka, malka umeifunga wewe. Na miti ya ukingoni uliikata wewe, ukapanda migomba."

Chifu akamuuliza kama ni kweli. Komora akanikazia macho mimi.

Chifu ameamuru kesho mahindi yaliyo njiani yang'olewe. Wifi yangu amepita hapa bila kunisalimu, na naogopa hilo litadumu.

Lakini hasira nyingine ni juu yangu mwenyewe. Siku ya kupanda nilimfuata Komora nyuma nikitia mbegu mashimoni. Nilijua tuko wapi, na sikusema neno.