Vitambaa Viwili

Mnyambe, Jumatatu, 3 Juni 1957
Msasa tangu asubuhi. Gitaa hili namchongea Daudi, mpiga muziki wa dansi wa Masasi. Ameona la dukani Lindi: njano katikati, wekundu, kisha giza pembeni, na huoni rangi moja inapoishia. Anataka lile lile. Nikasema sawa. Mjinga mimi! Kazi hiyo ni ya watu wawili. Mimi nilikuwa nikianza katikati na kitambaa cha manjano, mke wangu Felista ukingoni na chake cha utomvu wa mninga, rangi zote tumezichanganya na spiriti, tukikutana kabla spiriti haijakauka. Felista tulimzika mwezi wa tatu.

Jumatano, 5 Juni
Nimejaribu peke yangu. Kugeuka tu kuchukua kitambaa cha pili, njano imeshakauka. Pakabaki mstari, kama alama ya bakuli mezani. Nimekwangua yote. Sikula.

Ijumaa, 7 Juni
Mstari tena. Nimekwangua tena. Uso wa gitaa umekuwa mwembamba, nikiukwangua mara nyingine utapasuka. Nikajikuta namwita Felista kwa sauti. Aibu. Mama mkwe alikuwa uani kwake anasuka mkeka, lazima alisikia. Hatuzungumzi, ndiyo adabu. Tangu nioe sijakaa naye karibu. Lakini kila asubuhi huniachia maji mlangoni, na maji huku ni mpaka ushuke bonde zima.

Jumapili, 9 Juni
Baada ya misa kaja mjomba wa Felista. Alisema kwa upole, sikatai. Nyumba ni ya ukoo wao, mimi nilikuja kuoa, mtoto hatukujaliwa. Nimalize kazi iliyo mkononi, kisha nirudi kwetu Chiwata. Kwetu wapi? Wazazi wamekufa, ndugu wamekwenda kwenye mkonge. Aliye wangu amelala hapa. Nimechukia sana. Nikaitikia, ndiyo mjomba.

Jumanne, 11 Juni
Ukungu. Mlangoni hakuna maji. Basi, naye amenichoka. Nimeshuka bondeni mwenyewe, wanawake wakanicheka.

Alhamisi, 13 Juni
Sijui niandikeje. Nilikuwa nimeshaanza njano, liwalo na liwe. Akaingia mama mkwe. Khanga hadi machoni, uso ameugeuzia ukutani. Nikasema shikamoo mama. Akachukua kitambaa cha Felista. Nilikuwa nimesahau: yeye ndiye aliyemfundisha binti yake kutia rangi ukindu. Yeye akitoka ukingoni, mimi katikati, gitaa kati yetu, hatutazamani. Vitambaa vikakutana. Mstari hakuna. Upande wake umekolea kidogo. Nimeuacha hivyo hivyo.

Akitoka aliuambia ukuta: “Goti lilinizuia. Bonde limenishinda siku hizi.”

Nililia, alipokwisha kwenda.

Jumatatu, 24 Juni
Daudi amechukua gitaa, anacheka peke yake. Chumba kitupu. Jioni mjomba kaja uani kwa mama mkwe, akauliza kama kazi yangu imekwisha. Nilikuwa nyuma ya mlango, nimeshika sanduku la nguo.

Mama mkwe akajibu: “Bado. Tuna gitaa jingine.”

Hakuna gitaa jingine.

Jumanne, 25 Juni
Nimeshuka bondeni na mzega, madebe mawili. Moja nimeliweka mlangoni kwa mama, moja kwangu. Kisha nimekwenda kutafuta mbao.