Mpapai Kwenye Ndoo

Jumatatu, 5 Agosti 1996
Maandazi yangu yameisha saa nne. Sokoni Kashaulili leo wamekula. Nimerudi nyumbani Kawajense miguu inawaka, nikamkuta Nyamizi kizingitini ananisubiri. Miaka minne huyu. Mama yake alikuwa jirani yangu wa chumba cha pili, homa ikamchukua masika. Ndugu hawajatokea. Tangu hapo analala kwangu. Nataka awe wangu kwa karatasi, mahakamani kabisa.
Ila nimefanya ujinga. Yule dada wa ustawi wa jamii aliniuliza nyumba ni ya nani. Nikasema yangu. Akaandika. Ijumaa anakuja kuiona. Isipomridhisha, mtoto anapelekwa kituo cha yatima. Na mimi chumba nimepanga kwa Baba Shija.

Jumanne, 6 Agosti
Baba Shija ameuona mpapai nyuma ya jiko. Mbegu alifukia Nyamizi mwenyewe. Mimi nikawa napalilia. Sasa unanifika magotini. Mpangaji anapanda mchicha, hapandi mti. Ukipanda mti ni kama unasema kiwanja chako. Nilijua. Lakini siku ulipoota ndiyo siku mtoto aliacha kulia.
Akaniambia, "Yustina, leo mpapai, kesho mtoto, keshokutwa mtaniambia nihame mimi. Ng'oa. Na huyo mtoto sikumpangisha."
Nikaenda kutafuta jembe.

Jumatano, 7 Agosti
Nimeng'oa. Sikukata. Nimechimba na udongo wake, nikautia kwenye ndoo ya zamani iliyotoboka. Ndoo nimeiweka mlangoni pangu, Baba Shija aione kila akipita.
Nimezaa mara mbili, nimezika mara mbili. Huyu simtoi.

Alhamisi, 8 Agosti
Mama Zuhura wa sokoni anasema ninyamaze tu, mzee asubuhi huwa mashineni anakoboa mpunga, hatakuwepo. Nimewaza sana. Halafu kila dada wa ustawi akija nitakuwa namficha mzee mwenye nyumba yake? Hapana.
Nimepiga deki mara mbili. Hakuna maana, ni sakafu ya udongo.

Ijumaa, 9 Agosti
Dada wa ustawi kaja. Baba Shija hakwenda mashineni. Kachukua kigoda, kakaa katikati ya ua.
Nimesema kabla hajasema yeye. "Dada, nilikudanganya. Nyumba ni ya huyu mzee. Mimi napanga."
Kalamu ikasimama. "Na akikutoa?"
"Napanga kwingine. Mji huu umejaa watoto wa wapangaji. Mbona hao hamuwachukui?"
Sijui nilipata wapi mdomo ule. Nyamizi alikuwa ameshika khanga yangu, mimi nimeshika mlango.
Akauliza ndoo ya nini. Baba Shija akadakia, "Nilimwambia ang'oe mti. Kang'oa, halafu kaniwekea mlangoni kama askari."
Dada akacheka mpaka akaweka faili chini. Kisha akawa mkali. Uongo wangu kaufuta kwa kalamu, kaandika ukweli juu yake. Akasema kupanga siyo kosa, ila anataka barua ya mwenye nyumba kwamba mtoto anaruhusiwa. Bila barua, Jumatatu anamchukua.
Baba Shija akabeba kigoda chake. Akaingia kwake, akafunga mlango. Nimemchukia.

Jumapili, 11 Agosti
Barua hakuna. Nimefunga nguo za mtoto kwenye mfuko, nikazifungua tena. Haendi popote.

Jumatatu, 12 Agosti
Barua ameileta alfajiri mwenyewe, nikiwa nakanda unga. Nimeisoma polepole, mwandiko wake mbaya kuliko wangu. "Mpangaji wangu Yustina namruhusu kukaa na mtoto mmoja, na mpapai mmoja, ukae ndani ya ndoo."
Nimeipeleka. Dada kasoma, kagonga muhuri. Mtoto akae kwangu, ya mahakama yatafuata.
Jioni jani moja la mpapai limekauka. Katikati kuna jingine linachomoza, dogo. Nyamizi ameumwagilia kwa kikombe changu cha chai. Nimemwachia.