Aya ya Nne ya Risala

Jumatatu, 11 Novemba

Magauni mawili bado. La Mama na langu. Yona ananyonya huku nakanyaga cherehani. Meno yanamtoka, ananing'ata. Upepo umeleta vumbi mpaka kwenye bobini.

Mahafali ya Namkunda ni Jumamosi ya wiki ijayo, chuoni kwao Moshi. Mdogo wangu huyo. Wamemchagua asome risala ya wahitimu mbele ya mgeni rasmi. Yeye ya Kiswahili, kuna kijana mwingine atasoma ya Kiingereza. Mama ameshaitangazia Bombo nzima, kijijini kwetu mlimani, kanisani na bombani. Wanashuka watu kumi na wanne, wanawake wote kitenge kimoja, njano na bluu. Fundi ni mimi. Hakuna aliyeniuliza.

Namkunda anasema atanitumia risala niipitie. Nikamwambia mimi niliyeishia kidato cha tatu nitapitia nini. Akacheka. Bado anacheka vilevile kama alipokuwa anatembea kashika sketi yangu.

Jumatano, 13 Novemba

Imeingia kwenye simu asubuhi. Kurasa tatu. Salamu, shukrani kwa walimu, changamoto ya mabweni. Nzuri. Nikajisikia fahari mpaka nikafika aya ya nne.

Aya ya nne ni mimi. Nainakili hapa:

"Dada yangu mpendwa Elipendo aliacha masomo kwa hiari yake akashika cherehani, ili mimi nisome. Naomba asimame tumwone."

Nimeisoma mara tatu. Nikakata kitambaa vibaya, mkono wa gauni la Mama. Hasara tupu.

Sikuacha kwa hiari. Nilikuwa na mimba ya binti yangu Imani, nikapimwa shuleni, nikaambiwa nichukue daftari zangu. Cherehani ilikuja baadaye, mtoto akiwa mgongoni. Namkunda wakati ule alikuwa Usangi kwa shangazi, anaanza kidato cha kwanza. Hakuona kitu. Aliporudi likizo alikuta mtoto na cherehani, akaambiwa kilichoanza ni cherehani.

Na aliyemwambia namjua.

Ijumaa, 15 Novemba

Nimempigia. Nimemweleza yote, mwanzo mpaka mwisho, bila kulia. Akaniuliza mbona sikuwahi kumwambia. Swali zuri.

Nikamwambia aitoe aya hiyo. Anasema risala imeshapitishwa na ofisi, imeshapigwa chapa, nakala ya kukabidhiwa mgeni rasmi iko tayari. Akisema tofauti na ilivyoandikwa atajieleza. Nikamwambia basi ajieleze. Nilisema kwa ukali. Alikata simu yeye.

Sijui kama anaelewa ninachokiogopa. Si chuo. Chuoni hakuna anayenijua. Ni wale kumi na wanne. Wote walikuwepo kanisani siku ile niliporudishwa kundini. Mwinjilisti alisoma jina langu na kosa langu, nikasimama mbele, Imani mgongoni, ana miezi mitano. Watu wakanipa mkono, wengine kwa upendo kabisa. Kinyongo sina. Ila nimeshasomwa mara moja mbele ya watu, na niliyosomewa yalikuwa kweli. Sasa nisimame nipigiwe makofi kwa uongo, mbele ya watu walewale?

Na Imani atakuwa pembeni yangu. Ana miaka minane, anasikia kila kitu. Atayaamini ya kwenye kipaza sauti. Halafu siku moja mtu wa Bombo atamrekebisha.

Jumapili, 17 Novemba

Sikwenda ibada. Mama kashuka na ndizi na tangawizi, kaja kupima gauni. Nikaanza kupima. Nilipofika begani, pini mdomoni, nikazitoa, nikamsomea aya ile, nikamuuliza kwa nini alimwambia Namkunda vile.

Hakukana. Akasema, "Nilitaka akuheshimu."

Nikamuuliza, kwani nilivyo siheshimiki.

Akasema, "Alikuwa na miaka kumi na minne, yuko mbali na macho yangu. Angejua, angeona kumbe inawezekana. Ningempoteza na yeye."

Na yeye. Amesema hivyo hivyo, mikono juu, nusu gauni limeshonwa nusu limeshikizwa pini. Nadhani hata yeye alilisikia, maana alishusha mikono. Nikamwambia ainue, sijamaliza.

Kabla ya kuondoka alimbeba Yona, akamwimbia, akamlaza. Alinitafutia na mkasi niliokuwa nimeukalia. Mama ni Mama. Nimechoka kumkasirikia na bado nina hasira.

Jumanne, 19 Novemba

Namkunda kimya. Nimetazama simu kama mgonjwa.

Imani kaniuliza, mamdogo Namkunda amesoma mpaka amevaa joho, wewe mbona hukusoma? Nikamwambia anisokotee uzi. Akasokota. Najichukia.

Alhamisi, 21 Novemba

Yona ana joto, ni meno. Nguo zote zimeisha. Kumi na moja, wanaume nimewashonea tai tu. Nimezikunja nikazifungua nikazikunja tena.

Baba Yona kapiga kutoka Mwanga, wako saiti wanamwaga zege. Anayajua yote, alinioa akiyajua. Nikamwambia siendi, mtoto anaumwa. Akasema mtoto anatoa meno, haumwi. Halafu akasema gauni umeshona la nani sasa? Mtu huyu hajui kubembeleza. Ila alikaa kwenye simu mpaka nikatulia.

Mchana ujumbe wa Namkunda. Mfupi. "Dada, njoo tu."

Njoo tu maana yake nini? Ameitoa au hajaitoa? Nimeandika swali mara mbili nikalifuta mara mbili. Kama atanisimamisha, sisimami. Nimeamua. Hata dunia nzima igeuke kunitazama.

Jumamosi, 23 Novemba

Tumerudi jua likiwa bado halijazama. Miguu imevimba. Niandike kabla sijasahau.

Tulikaa safu ya nyuma, njano na bluu tupu. Mama katikati. Imani kulia kwangu, Yona mapajani, anatafuna programu ya sherehe. Jua kali, hema dogo. Mama Ndekirwa, jirani yetu wa Bombo, anauliza kila anayepita na joho kama ndiye Namkunda.

Yule kijana wa Kiingereza akaanza. Alisoma mbio, jasho linamtiririka, lakini watu wake walimshangilia mpaka akasahau ukurasa. Kisha wakamwita Namkunda.

Mdogo wangu anatembea kama Baba. Sikuwahi kuliona hilo. Marehemu angekuwepo.

Aya ya kwanza. Ya pili. Mabweni, watu wakapiga vigelegele. Mama akanishika mkono, akaanza kunisukuma kidogo nijiandae kusimama. Nikashika kiti.

Namkunda akafunua ukurasa. Akatazama karatasi. Yona akadondosha programu. Kisha akainua macho akasema bila kusoma:

"Hapa nimeandika habari za mtu aliyenishonea sare zangu zote za shule. Ameniomba nisimsemee. Habari zake ni zake, atazisema mwenyewe akipenda. Mimi nasema asante."

Akaendelea na aya ya tano.

Mgeni rasmi alikuwa anafuata kwenye nakala yake. Nilimwona anarudisha ukurasa nyuma, anatafuta. Mama kaniachia mkono. "Amekuruka," akanong'ona. Nikamwambia hajaniruka. Mama Ndekirwa alinitazama kwa nyuma ya Mama, akaitikia kwa kichwa mara moja, polepole, kama mtu anayekubali bei.

Imani akaniuliza, "Mama, si wewe unayeshona sare?"

Nikasema ndiyo.

"Kwa hiyo ni wewe."

Nikasema tutaongea nyumbani.

Niseme ukweli, maana hapa hasomi mtu. Alipopita ile aya nilishusha pumzi, halafu nikaona wivu. Kidogo tu nilitaka kusimama. Gauni lilikuwa limenikaa vizuri.

Baadaye tulipopiga picha Namkunda alinivisha lile joho kwa nguvu. Nikamuuliza ofisi walisemaje. Akasema wamemwita Jumatatu akajieleze. Akacheka kile kicheko chake. Nikamvua shada moja nikamvisha Imani.

Jumatatu, 25 Novemba

Mvua kidogo asubuhi, ya kulaza vumbi. Yona jino limetoka.

Imani karudi kutoka shuleni. Sketi yake imekuwa fupi, nikamwambia aivue niitoe pindo. Akakaa kwenye kigoda na kanga yangu kiunoni. Nikafumua huku naongea, ndivyo ninavyoweza.

Nikamwambia nilikuwa kidato cha tatu. Nikamwambia alikuwa tumboni. Nikamwambia wakati ule msichana mwenye mimba alikuwa harudi darasani. Na kwamba si kosa lake, hata chembe, asije akabeba hilo. Na kwamba kanisani nilisimama mbele naye akiwa mgongoni, na watu wa Bombo wanajua, kwa hiyo akisikia kwa mtu asishtuke, ameshasikia kwangu.

Alikuwa anachezea uzi. Akauliza, "Nilikuwa tumboni hukohuko darasani?"

Nikasema ndiyo. Miezi minne.

Akafikiri.

"Kwa hiyo na mimi nimesoma kidato cha tatu."

Nikamwambia ndiyo, mpaka Agosti. Akaridhika. Akauliza kama hisabati ilikuwa ngumu. Nikasema ilikuwa ngumu.

Pindo limebaki na alama ya mshono wa zamani. Nimeipiga pasi, haitoki. Amesema haimsumbui. Ameivaa, ametoka kwenda kucheza.