Nilimsingizia Kocha Kagiri Redioni

Mpendwa Mama Wanza,

Nisaidie, kwa sababu nimezunguka na jambo hili tangu nirudi kutoka Olimpiki na miguu haitulii. Mimi ni msichana wa mtaa wa Kianda, huogelea kwa mgongo, na watu wakisikia jina langu la Kijaluo, la watu wa ziwani, hudhani nilizaliwa majini, kumbe nilijifunza nikiwa na miaka kumi katika bwawa la klabu moja hapa Nairobi, nikifundishwa na Kocha Kagiri wa Kawangware 46, ambaye aliniita Nyar Nam, binti wa ziwa, kwa utani tu. Sasa Mama, anayeogelea kwa mgongo haoni ukuta, kwa hivyo bendera ndogo huning'inizwa mita tano kabla yake, ukizipita unahesabu mikono, yaani mapigo yaliyobaki hadi ukutani, halafu unageuka. Zetu ziliraruka zamani, lakini juu ya bwawa kuna tawi la mkaratusi na mimi nikazoea kulitazama hilo, na kocha kila siku alinifokea, "Nyar Nam, hiyo tawi hutaenda nayo. Hesabu mikono," nami nikasema sawa kocha na kuendelea na tawi langu.

Huko Olimpiki bwawa lina paa. Niliziona bendera nikachanganyikiwa, nikageukia tumbo mapema mno, nikabaki nikielea nikingoja ukuta, na sheria hairuhusu, wakaniondoa. Niliporudi redio moja iliniuliza kilichotokea, aibu ikanibana, nikasema kocha hakuwahi kunifundisha kuhesabu. Wazazi wakawatoa watoto wao, klabu ikamfuta kazi, na siku hizi anauza maji kwa mitungi. Mimi nikanyamaza.

Sasa nimeitwa kwenye mchujo wa timu ya taifa Jumamosi ya wiki ijayo, na juzi nilipofika mazoezini nikakuta bendera mpya juu ya bwawa, zimeshonwa kwa vipande vya leso kuukuu. Askari wa lango akaniambia, "Ni Kagiri alizileta Sunday. Alisema ni za Nyar Nam, asikose kuhesabu." Niliogelea mizunguko miwili nikatoka nikilia. Mara tatu nimetembea hadi kwake Kawangware na mara tatu nimegeuka kabla ya kubisha. Nikisema ukweli huenda wakaniacha nje ya timu, na nikinyamaza, nitaogelea vipi chini ya zile leso?

Nisiyetulia, Kianda

Nyar Nam,

Nimesoma barua yako mara mbili, na nimekuhurumia mara ya kwanza tu. Kushindwa dunia nzima ikitazama kunauma, na mtu mwenye aibu akiwekewa maikrofoni mdomoni anaweza kusema lolote. Hilo naelewa. Nisiloelewa ni hii miezi yote uliyomwacha mzee wa watu abebe mitungi yake na kosa lako juu. Kisha unashangaa hutulii. Utatuliaje? Njia ya mwongo ni fupi, nawe umefika mwisho wake, ndiyo maana unazunguka palepale.

Na usijidanganye kwamba Kagiri hakukusikia. Alikusikia kama sisi wengine, na bado aliketi akashona. Mimi nisingeshona, nakwambia wazi.

Kesho asubuhi nenda kwake mikono mitupu, maana ukibeba sukari na unga mtaishia kuzungumzia sukari na unga. Mwambie, "Ulinifundisha, nikakataa." Halafu nyamaza, aseme atakalo, hata akikufukuza. Ukitoka hapo peleka klabu barua yenye sahihi yako. Kisha rudi redio ileile, kipindi kilekile, kwa sababu uongo uliosikika mtaa mzima hausahihishwi kwa kunong'ona. Na yote haya yawe kabla ya mchujo, si baada ya kuona kama umechaguliwa. Ndiyo, wanaweza kukuacha. Wakikuacha utalia wiki moja, halafu utakula ushibe, jambo ambalo nadhani hujalifanya siku nyingi.

Lakini huo mchezo wa kufika kwa watu na kugeuka, uache. Olimpiki uliondolewa kwa kugeuka kabla ya ukuta, na bado hujakoma. Safari hii endelea mpaka mkono uguse mlango.

Mama Wanza